Mfumo ukiwa mzito, tafuta muda unalala wapi

"Mtandao unasumbua, subiri kidogo." Wewe uliyeanza juzi kazi ya kutunza mifumo ya wavuti, maneno haya ndiyo utakayoletewa kila siku kama taarifa ya tatizo. Yapokee kwa heshima, maana kuna mtu amesimama dirishani anasubiri. Ila usiyaamini mpaka uugawe ule muda wa kusubiri vipande vipande, ujue kila kipande kimeliwa na nani.

Somo hili nililipata tukihudumia mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Siku za kawaida mwanachama alihamisha fedha kutoka akiba yake kwenda kwenye simu kwa sekunde chache. Ikifika mwisho wa mwezi, mfumo wote unaganda kuanzia saa nne asubuhi. Tukakodi seva kubwa zaidi. Mwezi uliofuata ukaganda vilevile.

Aliyetutoa gizani ni dada wa dirishani. Alikuwa na daftari dogo ambamo aliandika saa na dakika ya kila kilichokwama: 4:12 ombi la mkopo, 4:13 kuangalia salio, 4:15 kutuma kwenye simu. Pembeni ameongeza: "Ukurasa wa msaada unafunguka papo hapo." Mstari huo ulitufaa kuliko grafu zetu zote. Ukurasa wa msaada ulitoka kwenye seva ileile na kupita mtandao uleule. Tofauti yake ni kwamba haukugusa hifadhidata. Basi mtandao tukauondoa kwenye washukiwa, tukageukia huko.

Hifadhidata yetu ilikuwa PostgreSQL, na tulitegemea kuikuta imeelemewa. Kumbe prosesa yake ilikuwa karibu imelala. Tukatazama pg_stat_activity, mahali panapoonyesha kila muunganisho unafanya nini kwa wakati huo. Miunganisho yote 10 ya kila seva ya programu yetu ilikuwa kwenye hali moja, "idle in transaction": muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kukataliwa kwa pamoja) umefunguliwa, haujafungwa, na hakuna swali lolote linaloendelea. Sisi wenyewe ndio tuliandika hivyo. Programu ilifungua muamala, ikapunguza akiba ya mwanachama, kisha ikiwa bado imeushika muunganisho ikaita mfumo wa malipo ya simu na kungoja jibu. Siku za kawaida jibu lilirudi ndani ya sekunde moja. Mwisho wa mwezi lilichukua sekunde sita.

Piga hesabu ya seva moja. Miunganisho 10, kila mmoja umeshikwa sekunde 6, inapitisha miamala 100 kwa dakika, basi. Ikija 140, kila dakika inaacha watu 40 zaidi kwenye foleni, na anayetaka kuangalia salio tu naye anasimama nyuma yao. Seva kubwa ingesaidia nini hapo? Hakuna aliyekuwa akifanya kazi. Wote walikuwa wakingoja. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa chochote, najiuliza kwanza: muda huu ni wa kazi au wa kungoja? Ukiwa wa kazi, prosesa au diski itakuonyesha. Ukiwa wa kungoja, tafuta kilichoshikwa na aliyekishika.

Jihadhari sana na wastani. Chukua maombi 100: 95 yamejibiwa kwa sekunde 0.2, na 5 kwa sekunde 20. Wastani ni sekunde 1.19, namba ambayo mkuu wako ataiona inavumilika, ilhali hakuna hata mtu mmoja aliyesubiri sekunde 1.19. Pima wale wa mwisho kwenye foleni, asilimia 5 na asilimia 1 walioteseka zaidi, kwa sababu malalamiko yanatoka kwao.

Ziangalie pia namba kamili kamili. Maombi mengi yakikatika kwenye sekunde 30 barabara, huo ni ukomo wa kusubiri ambao mtu ameuweka mahali. HikariCP, inayogawa miunganisho kwa programu nyingi za Java, isipobadilishwa hutoa miunganisho 10 na kungoja sekunde 30. Nginx, inayopokea maombi ya wavuti mbele na kuyapeleka kwenye programu, isipobadilishwa hungoja jibu la seva ya nyuma sekunde 60. Ucheleweshaji wa sekunde 5 kwenye Linux mara nyingi ni seva ya majina (DNS, inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani) ya kwanza haijibu. Namba za aina hii zitakuelekeza mlango wa kugonga.

Tatizo jingine utakalokutana nalo mapema ni ukurasa unaoiuliza hifadhidata maswali madogo mengi. Orodha ya wanachama 50, kisha swali moja la salio kwa kila mmoja: maswali 51. Kwenye kompyuta yako hutaona kitu, maana hifadhidata iko humohumo. Weka programu Dar es Salaam na hifadhidata Ulaya, safari moja ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde 150, na ukurasa huo unakula zaidi ya sekunde 7. Kumbukumbu ya maswali mazito haitakuonyesha, kwa sababu kila swali peke yake ni jepesi. Hesabu idadi ya maswali kwa kila ukurasa.

Turudi kwenye chama. Kuna aliyependekeza tuongeze miunganisho ya kila seva ifike 50. Tulikuwa na seva tatu za programu, ingekuwa 150, na PostgreSQL isipobadilishwa hupokea 100 tu. Tulichofanya ni kuukata muamala: tunaandika kwamba malipo "yanasubiri", tunafunga, tunaachia muunganisho, ndipo tunaita mfumo wa malipo. Jibu likirudi tunafungua muamala mwingine mfupi na kuandika matokeo.

Hapa naomba uwe makini kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa ni fedha za watu. Kutopata jibu hakuna maana kwamba malipo yameshindikana. Kila malipo yape namba ya kumbukumbu isiyojirudia, na jibu likikosekana, uliza kwanza hali ya namba hiyo kabla ya kutuma tena. Sisi kazi hiyo ya kuuliza ilituchukua wiki mbili, na kuukata muamala wenyewe, mchana mmoja ulitosha.