Jibu: Viti vya magurudumu vinakwama kwenye kokoto

Habari yako ndugu. Nimekuelewa: bustani ya kituo chenu cha wazee imependeza, ila wenye viti vya magurudumu wanaishia barazani kwa sababu magurudumu yanazama kwenye kokoto.

Kabla ya kununua ua lingine, kagua mlango. Kizingiti cha sentimita mbili tu kinatosha kukwamisha yale magurudumu madogo ya mbele. Halafu zoa kokoto, mwaga zege upana wa mita 1.5 ili kiti kiweze kugeuka, na kabla halijakauka lipitishie fagio lisiteleze. Penye mteremko, kila sentimita 1 ya kupanda uipe angalau 12 za urefu. Njia izunguke irudi mlangoni. Mzee mwenye kusahausahau akikuta imeishia ukutani huhangaika sana.

Mabenchi yawe kivulini, yenye mikono ya kushikilia. Matuta yainue kama sentimita 70. Kwenye kituo chetu mrehani na mchaichai ndio unaowatoa wazee ndani: kuna bibi huchuma jani, akalifikicha, akaanza kuwataja majirani zake wa Pangani. Mbono ng'oa, mbegu zake ni sumu. Chemchemi ya maji mimi ningeiacha. Kwetu mlio wake uliwakimbiza wengine chooni.