Siku ya Mwisho Ujerumani

SWALI: Shikamoo Mhariri. Kwaya yetu ya Kihesa, Iringa, imealikwa Ujerumani na usharika rafiki, nasi tutaruka kutoka Frankfurt Jumapili saa nne usiku. Je, mchana huo tuutumieje bila kukimbizana?
Mwanakwaya, Iringa

JIBU: Marahaba. Acheni mizigo katika makabati ya stesheni kuu, kisha mpande treni hadi Michelstadt, mji mdogo wa vilima vya Odenwald ulio mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja, na mtosheke na huo mmoja, kwa maana wanaopanga kuona mitatu kwa siku huishia kuona stesheni. Hapo sokoni umesimama ukumbi wa mji wa mwaka 1484, jengo la mbao lenye paa la mwinuko mkali lililobebwa na nguzo nene za mwaloni, na chini yake pako wazi kama banda. Simameni humo mguse nguzo hizo, nanyi mafundi seremala wa kwaya mtachelewa kuondoka. Katika kitongoji cha Steinbach lipo kanisa la karne ya 9 lililojengwa na Einhard, mwandishi wa maisha ya mfalme Karolo Mkuu. Maduka mengi hufungwa Jumapili, hivyo zawadi zinunuliwe Jumamosi, ila mikahawa ya keki na kahawa huwa wazi. Rudini Frankfurt kabla ya saa kumi na moja jioni.