Daftari la Nukta la Marehemu Baba

SWALI: Shikamoo Mzee. Marehemu baba yangu alisomea ualimu Uingereza, na sandukuni mwake tumekuta daftari refu lililoandikwa "Hampshire, 1964" kwenye jalada. Ndani hamna masomo yoyote, bali visanduku vilivyojaa nukta, tarakimu na herufi M iliyochorwa juu ya nukta sita. Mwandiko ni wake, lakini karibu kila ukurasa hukoma ghafla, akaendelea mtu mwingine, kisha chini kidogo baba akarejea. Mjomba anasema hizo ni hesabu za kriketi ya kijijini, ambayo baba aliitajataja hadi uzeeni. Naomba unisomee. (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzazi. Mjomba wako amesema kweli. Mimi nami nilikuwa mwanafunzi kusini mwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na timu ya kijiji nilichopanga chumba iliniita, si kwa ustadi wangu, bali kwa sababu Jumamosi moja walijikuta kumi na mchezo unataka kumi na mmoja.

Tuanze na nukta. Mrushaji hurusha mipira sita kabla ya kumpisha mwenzake wa timu yake, arushe kutoka upande wa pili wa uwanja. Fungu hilo huitwa ova, na kila kisanduku katika safu za warushaji ni ova moja. Mpira usiozaa mkimbio, yaani pointi ya wapigaji, huandikwa nukta, uliozaa huandikwa tarakimu, na uliomtoa mpigaji, zamu yake ikaisha, huandikwa w. Mipira yote sita ikipita bila mkimbio hata mmoja, nukta zake, zilizopangwa tatu tatu katika safu mbili, huunganishwa kwa kalamu zikawa M, kwa kuwa Waingereza huiita ova hiyo "mwanamwali", na M ndiyo herufi ya kwanza ya neno hilo kwa lugha yao. Ukikuta zimeunganishwa zikawa W, ujue kwamba pamoja na kutopatikana mkimbio, mrushaji alimtoa mtu.

Sasa huo mwandiko unaokatika. Timu za vijijini hazikuwa na karani: waliongoja zamu ya kupiga walikaa kwenye benchi, daftari likapita mkono kwa mkono, na hata mwamuzi alikuwa mmoja wao aliyevalishwa koti jeupe na kutakiwa amhukumu rafiki yake bila upendeleo, jambo ambalo, nikiri, halikufanikiwa kila Jumamosi. Bila shaka baba yako aliandika mpaka zamu yake ilipokaribia, akamwachia mwingine kalamu, akafunga vikinga vya miguu, akaingia uwanjani. Pale mwandiko wa mgeni unapoanza hadi pale wake unaporudi, hapo ndipo alipokuwa akipiga.

Ukiona doa la kahawia ukurasani, usilaumu mende wa sandukuni. Katikati ya mchezo kila mtu aliacha alichokuwa akifanya, tukaingia katika kibanda cha mbao, na akina mama wa kijiji wakatuandalia chai ya maziwa, keki na mikate iliyopakwa siagi na kutiwa vipande vya tango. Uwanja wetu ulikuwa malisho siku nyingine zote, na asubuhi ya mchezo ng'ombe waliondolewa, ingawa si kila walichokiacha. Nilisimama karibu na ua wa miti, jua likinipiga machoni, mpira ukapanda juu sana, nikarudi nyuma hatua tatu, nikakanyaga samadi mbichi na kuanguka chali, na mpira, mgumu kama jiwe, ukatua kando ya sikio langu. Hakuna aliyenikaripia. Waliniongezea keki.

Tena Hampshire, jimbo la kusini mwa Uingereza, si mahali pa hivi hivi. Huko ndiko kiliko Hambledon, kijiji ambacho katika karne ya 18 kilikuwa na klabu iliyoongozwa uwanjani na Richard Nyren, mwenye nyumba ya wageni kando ya uwanja. Mwezi Juni 1777 klabu hiyo iliichapa timu iliyoitwa Uingereza: Hambledon walipata mikimbio 403 kwa zamu moja tu ya timu nzima kupiga, ilhali wapinzani walipata 166 na 69 katika zamu zao mbili. James Aylward peke yake alipata 167. Enzi zile mikimbio ilihesabiwa kwa kuchanja kijiti kwa kisu, mkato mmoja kwa kila mkimbio, na neno lenyewe la mkimbio lilikuwa "mkato". Daftari lako ni mjukuu wa kijiti hicho.

Basi fanya hivi. Katika orodha ya wapigaji tafuta jina la baba, ujumlishe tarakimu zilizo mbele yake, kisha utazame neno linaloeleza alivyotolewa. Na ukikuta sifuri, usione haya kumwambia mjomba: sisi shuleni tuliiita yai, nao Waingereza huiita bata, kwa kufupisha "yai la bata". Mimi kwa msimu mmoja nilikusanya manne.