Barua kwa mwanangu anayetaka kuishi kwa fasihi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Umeniuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kuhakiki kazi za wengine na kuandika vitabu visivyo vya hadithi, au uchukue ile kazi ya benki na fasihi uiache iwe ya wikendi.

Nianze na pesa, maana najua ndizo zinazokunyima usingizi. Vitabu vya uhakiki havilipi kodi ya nyumba. Kitabu kisichosomwa shuleni huuzwa polepole, na mrabaha wake, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, ni mdogo. Karibu wote niliowahariria wanaishi kwa mshahara wa kufundisha, na kuandika wanaandika alfajiri.

Sasa mtazame Micere Githae Mugo, mwandishi na mhakiki wa Kenya. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada, akarudi kufundisha Nairobi. Tasnifu yake, yaani utafiti wa shahada hiyo, iliwasoma Achebe na Ngugi pamoja na waandishi wa Kizungu Elspeth Huxley na Margaret Laurence, kuona kila mmoja anaionaje Afrika. Kitabu kilichotokana nayo, Visions of Africa, kilitoka mwaka 1978. Miaka mitano hiyo usiidharau. Tasnifu zinazonifikia mezani huanza na kurasa nyingi za nani alisema nini kabla ya mwandishi. Nazikata, mwenyewe ananuna. Kisha namwomba anitafutie ukurasa wa kwanza ambao yeye anabisha jambo, tuanzie hapo. Msomi huanza kuwa mwandishi siku anapokubali kuibomoa tasnifu yake, na kazi hiyo haina haraka.

Mwaka 1980 akawa mkuu wa kitivo, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Kenya. Mwaka 1982 akalazimika kuikimbia nchi, na uraia akanyang'anywa. Zimbabwe ikampokea, ikampa uraia wake. Uhamisho ni mateso, sitaupamba. Lakini soma kitabu chake cha fasihi simulizi na haki za binadamu, kilichochapishwa Harare mwaka 2004: simulizi za Wakikuyu zimekaa humo pamoja na za Washona na Wandebele. Angebaki Nairobi, sidhani angekiandika hivyo. Alikuwa ameendelea kuwasikiliza watu wa pale alipofikia. Baadaye alifundisha miaka mingi Syracuse, Marekani, na akafariki mwaka 2023.

Kwa hiyo benki waambie hapana. Tafuta pa kufundisha, hata kama ni vipindi vichache vya kibarua ambavyo malipo yake yanachelewa. Chumba chako kipo, na chakula tutakula pamoja mpaka usimame.

Ile makala yako ya nyimbo za harusi za Lamu, iandike upya bila tanbihi hata moja. Yule bibi aliyekuimbia umemficha ukurasa wa kumi na moja, nyuma ya wataalamu. Mlete mbele, kisha nitumie.

Mama yako