Kutoka vichakani hadi masijala: kwa wadogo zangu mnaoripoti kazini Dodoma

Wadogo zangu mliopata ajira mpya, hasa nyinyi mliosoma baiolojia, misitu au kilimo kisha mkajikuta mbele ya meza yenye majalada, karibuni. Mimi ni mtaalamu wa mimea. Miaka yangu ya mwanzo niliimalizia vichakani, Kondoa, Manyoni na Bahi, nikiwa na magazeti ya zamani na fremu mbili za mbao za kubania mimea. Nilipoteuliwa kukaimu idara, na baadaye kubaki kwenye utawala moja kwa moja, nililia. Nilidhani elimu yangu imetupwa.

Haikutupwa. Mmea wa kupeleka hebaria, yaani mahali pa kutunzia mimea iliyokaushwa kama ile ya taifa iliyoko Arusha, hubanwa kwenye gazeti, ukakaushwa, ukabandikwa kwenye karatasi ngumu pamoja na lebo. Maelezo ya lebo huandikwa palepale porini, siku ileile: mahali, tarehe, jina lako, namba yako ya ukusanyaji, aina ya udongo, kimo cha mti, jina wanaloliita wenyeji, na rangi ya ua. Rangi ndiyo wanafunzi huisahau, nayo ndiyo hutangulia kupotea. Ua likishakauka na kuwa kahawia, hakuna atakayejua lilikuwa la njano au jeupe kama hukuandika.

Tena lebo ya zamani haing'olewi. Kwa miaka mingi migunga yetu iliandikwa kwa jina la kisayansi Acacia. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna, ilikubaliwa jina hilo libaki kwa jamaa zake wa Australia, na Melbourne mwaka 2011 uamuzi ukathibitishwa. Migunga ya huku ikagawanywa, mingine Vachellia, mingine Senegalia. Hakuna aliyechana lebo. Hubandikwa kikaratasi kipya pembeni chenye jina jipya, jina la aliyelibaini na tarehe. Anayekuja baadaye anaona nani alisema nini na lini, hata aliyekosea.

Jalada la serikali linataka adabu hiyohiyo. Folio, yaani kila karatasi iliyomo ndani ya jalada, ina namba na haichomolewi. Usipokubaliana na dokezo la mwenzako, yaani maoni aliyoyaandika kwenye jalada, andika lako chini yake, weka saini, cheo na tarehe. Nawaomba sana msiseme "tulishaongea kwa simu". Mkiongea kwa simu, andikeni dokezo fupi siku hiyohiyo kwamba mmeongea, na mmekubaliana nini.

Hili nililijua vichakani nikalisahau ofisini. Mwaka wangu wa kwanza kwenye utawala, dereva mmoja alinikuta kwenye korido akanipa barua ya kudai malimbikizo ya mshahara baada ya kupandishwa cheo. Niliiweka katikati ya daftari langu, nikawahi kikao. Haikupita masijala, yaani ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, haikugongwa muhuri wa kupokelewa. Niliikuta miezi saba baadaye. Uhakiki wa madai ulikuwa umepita, naye alikuwa amekopa ili kulipa ada ya mtoto. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, tukaanza madai upya. Tangu siku hiyo barua ya korido naipeleka mwenyewe mpaka dirisha la masijala, hata aliyenipa awe mkubwa wangu. Na watu wa masijala waheshimuni; wao ndio kumbukumbu ya ofisi.

Kuna jambo ambalo wenzenu wa mipango hawatalijua msipowaambia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka. Mkisubiri fedha za mwaka mpya ndipo mnunue mbegu za miti na viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, manunuzi yakikamilika Oktoba, Desemba mche bado ni kidole. Utapandwa Machi, na kiangazi kitaumaliza. Kwa hiyo viriba, mbegu na mbolea viingie kwenye bajeti inayoishia Juni, upandaji uingie kwenye inayofuata. Nimeona maelfu ya miche ikifa kwa sababu ya tarehe tu, na bado inaniuma.

Mkipata nafasi nendeni Kondoa, mkaone Haubi na Kolo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibiwa na mmomonyoko. Miti na nyasi vilirudi. Kwa jicho la mtaalamu wa mimea ni ushindi, na nilipokuwa kijana ningesaini uamuzi ule asubuhi moja. Leo, kabla ya kusaini, ningeuliza kwanza watoto wa pale watapata wapi maziwa na nani atalima bila samadi.

Mabinti, mtateuliwa kuandika muhtasari wa kila kikao. Andikeni kwa zamu na wanaume, na mseme hivyo mapema. Lakini zamu yenu ikifika, andikeni vizuri kuliko wote.

Wiki hii ya kwanza, kabla hamjazoea, mwombeni afisa utumishi athibitishe kwamba barua ya ajira, nakala za vyeti na fomu zenu zote zimo kwenye jalada binafsi. Miezi 12 ya majaribio ikiisha, fuatilieni barua ya kuthibitishwa kazini. Linganisheni majina yenu kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Nilimhudumia mwalimu mmoja aliyestaafu ambaye jina la babu yake lilizidi herufi moja kwenye karatasi mbili. Alikuja ofisini kwetu mara nne, kila mara akitoka kijijini kwa basi la alfajiri.