Skuta Inanguruma Lakini Haiendi: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Mafundi

Hamjambo mafundi. Nina skuta ya sisi (cc) 125, imetembea kilomita 16,000. Zamani ilipanda kutoka Westlands hadi Kangemi kwa spidi ya 60 hata nikiwa nimembeba mtu. Siku hizi inanguruma sana lakini haipiti 40, na nikivuta mafuta zaidi, kelele ndiyo inayoongezeka. Fundi alibadilisha plagi, kisha kabureta nzima. Hali ni ile ile. Sasa ninunue nini?
*Msomaji, Kangemi*

Kwa sasa usinunue chochote. Injini inayopiga resi namna hiyo inapata hewa, petroli na moto wa kutosha. Nguvu inazalishwa vizuri, ila inapotea kabla ya kufika kwenye tairi. Ingekuwa kinyume, yaani unavuta mafuta na injini inazama, inakohoa au inakataa kupandisha sauti, hapo ndipo plagi na kabureta zingeshukiwa. Fundi akikuuliza kama injini inapiga resi au inazama kabla hajashika spana, anakuokolea pesa. Akikosa kukuuliza, mwambie wewe mwenyewe.

Upande wa kushoto wa skuta, ndani ya kile kifuniko kirefu, mna puli mbili zilizounganishwa na mkanda wa mpira. Puli ya mbele ndiyo variata, na ndani yake mna rola sita, yaani vipande vya duara vyenye uzito. Injini ikizunguka kwa kasi, rola hutupwa nje na kuibana puli, mkanda ukapanda juu, na puli ya nyuma ikafunguka huku ikipingana na springi yake. Hapo ndipo skuta inapoongeza mwendo bila injini kuongeza kelele. Mkanda uliolika ubavuni huwa mwembamba, kwa hiyo unakaa chini kwenye variata na haufiki tena juu. Ni sawa na kuendesha gari barabara kuu ukiwa umekwama gia ya pili. Watengenezaji wengi huagiza mkanda ubadilishwe kati ya kilomita 10,000 na 20,000, na wewe hujatutajia kwamba wako umewahi kubadilishwa.

Fungua hivi. Acha injini ipoe, toa bolti za kifuniko (nyingi ni za spana namba 8), na uzipange kwenye kadibodi kwa mpangilio wake kwa sababu urefu hutofautiana. Ukikiona kifuniko hakitoki, usikichokoe kwa bisibisi. Kigonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Nati ya variata ifunguliwe kwa mashine ya upepo au kwa kishikio chake maalumu. Wapo wanaoingiza bisibisi kwenye mapezi ya feni ili puli isizunguke. Mapezi hayo ni dhaifu na yakivunjika puli haikai sawa tena.

Sasa pima. Kwenye injini nyingi za sisi 125 na 150 za aina ya GY6, mkanda mpya una upana wa milimita 20 na rola ni za milimita 18 kwa 14. Mkanda ukipungua kwa milimita moja na zaidi, au ukiukunja uone nyufa kati ya meno, umekwisha. Unaponunua mwingine Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, beba ule wa zamani. Namba zilizochapwa juu yake, kwa mfano 743-20-30, ni urefu, upana na pembe. Zote tatu lazima zilingane. Mkanda uliozidi urefu kidogo utaonekana sawa kabisa dukani, lakini barabarani utakurudisha kwenye shida uliyonayo.

Rola zikague moja moja. Inatakiwa iwe duara kamili. Ikiwa na upande bapa, hukwama mahali pamoja badala ya kupanda, na spidi hugota hapo. Badilisha zote sita kwa uzito ule ule, na usipake grisi ndani ya variata iliyoundwa kufanya kazi ikiwa kavu, maana grisi itarushwa kwenye mkanda. Kama ndani kuna oili, tafuta sili (mpira wa kuzuia oili) inayovuja kwanza. Mkanda mpya juu ya sili mbovu utateleza baada ya siku chache. Futa nyuso za puli kwa dawa ya kusafishia breki hadi kitambaa kitoke safi.

Kuna kosa moja wakati wa kurudisha ambalo limeharibu injini nyingi. Mkanda ukiwa umekaza kwenye puli ya mbele, unaweza kubanwa kati ya bushi (bomba fupi la katikati ya variata) na uso wa puli. Nati itahisi imekaza, kumbe imekaza juu ya mpira. Ukiwasha, mpira unalegea, nati inalegea nayo, na meno ya shafti yanasagika. Kwa hiyo fungua puli ya nyuma kwa mikono, uusukume mkanda uzame ndani yake, ndipo upande wa mbele ulegee. Kaza nati kwa nguvu ya takriban nyutonimita 55 au kama kitabu chako kinavyosema, kisha zungusha puli kwa mkono uhakikishe mkanda unacheza huru. Mshale ulio kwenye mkanda uelekee upande injini inakozungukia.

Baadaye ukitaka uhakika, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye uso wa variata, kutoka katikati hadi ukingoni. Endesha mahali salama ukiwa umevuta mafuta hadi mwisho, halafu fungua tena. Mahali wino ulipofutika ndipo mkanda ulipofika. Ukibaki wino mpana karibu na ukingo, bado kuna kitu kinauzuia.

Skuta yangu inatetemeka sana ninapoanza kuondoka, hasa kwenye foleni ya Magadi Road. Ikishashika mwendo inatulia. Ni injini?
*Msomaji, Ongata Rongai*

Hapana, hiyo ni klachi. Iko kwenye puli ya nyuma: vipande vitatu vyenye bitana (utando wa kusuguana kama wa breki) hutupwa nje na kushika bakuli la chuma. Vumbi likiingia, au bitana ziking'aa kama kioo, zinashika na kuachia mara nyingi kwa sekunde, na huo ndio mtetemo unaousikia. Toa bakuli, sugua bitana na ndani ya bakuli kwa msasa wa namba 120 hivi, ukisugua kwa mistari inayokatizana, kisha futa kwa dawa ya breki. Vumbi hilo usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa kibichi na uvae barakoa.

Bakuli likiwa na rangi ya samawati, limeungua, na chanzo mara nyingi ni mkono wako. Mlimani kwenye foleni, shikilia skuta kwa breki. Ukiishikilia kwa mafuta, klachi inasuguana bila kushika na inachomeka taratibu. Bakuli lililopinda huwa halinyooshwi, linabadilishwa.

Nimeisafirisha skuta yangu ya kabureta kutoka Mombasa. Kule ilikuwa moto. Hapa ni nzito, inatoa moshi mweusi na plagi inakuwa na masizi. Imeharibikia njiani?
*Msomaji, Embakasi*

Haijaharibika, dada. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo hapa imekosa karibu moja ya sita ya nguvu zake, na hilo hakuna fundi wa kulirudisha. Masizi yanarekebishika. Kabureta bado inamimina petroli kwa kipimo cha Pwani kwenye hewa ya Nairobi. Weka jeti kuu (kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) ndogo kwa saizi moja, endesha kilomita chache, tazama plagi. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka. Ikiwa nyeupe, umepunguza kupita kiasi na injini itachemka, hivyo rudi nyuma. Ukirudi Mombasa, rudisha jeti ya kwanza kabla ya kuondoka.

Kabla ya hayo yote angalia chujio la hewa. La sponji lioshe, likauke, ulipake oili kidogo. La karatasi usilioshe, nunua jipya. Angalia pia choki ya umeme iliyo ubavuni mwa kabureta, ile inayoongeza petroli injini ikiwa baridi: ikifa, inabaki imefunguka na moshi mweusi hauishi hata injini ikipata moto. Itoe, iunganishe na betri ya volti 12 kwa dakika tano. Sindano yake inapaswa kusogea nje. Isiposogea, badilisha.

Nikiweka rola nyepesi nitapata spidi?
*Msomaji, Kayole*

Utapata wepesi wa kuondoka na wa kupanda mlima. Spidi ya juu haitaongezeka, na ukizidisha wepesi itapungua huku petroli ikiliwa zaidi. Kwa anayebeba mizigo Nairobi, kupunguza gramu moja kwa kila rola kunasaidia kweli. Anza na gramu hiyo moja, usiruke tatu.

Nilipita kwenye maji ya mafuriko South C. Sasa inanguruma na tairi halizunguki.
*Msomaji, South B*

Maji yameingia kwenye mkanda. Zima. Chini ya kifuniko kwenye skuta nyingi kuna kizibo au mpira mdogo wa kutolea maji, uutoe. Yasipotoka yote, fungua kifuniko, kausha puli, mkanda na klachi. Halafu fungua bolti ya oili ya gia ya nyuma: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yamefika huko pia. Imwage yote na ujaze mpya, mililita 100 hadi 200 kulingana na skuta, kabla hujaiendesha hata hadi kituo cha petroli, kwa sababu beringi hizo zikipata kutu, utaanza kusikia mlio kwenye tairi la nyuma na itabidi sanduku zima la gia lifunguliwe.