Mlango Umegoma, Gemu Imesimama

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ndo naendesha gemu ya Dungeons & Dragons hapa kwetu, ile ya kuigiza hadithi ambapo mimi nasimulia, kila mchezaji ana mhusika wake na dadu inaamua kama jambo limefanikiwa, tunakutana jumapili mchana. Juzi wachezaji wamefika kwenye mlango wa kaburi la mfalme na stori yote niliyoandaa ipo ndani, mwizi wa kundi akarusha dadu ya pande 20 afungue kufuli akapata 4, mpiganaji nae akajaribu akapata 7, basi wakabaki wananiangalia tu. Ikabidi niseme mlango umefunguka wenyewe, wananicheka mpaka leo. Ningefanyaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dadu haina kosa hapo, wewe ndo umeifungia stori nzima kwa kufuli moja. Piga hesabu, mwizi wa levo ya 1 mara nyingi anakuwa na +5 kwenye kufuli, yani anaongeza 5 kwenye namba ya dadu, ugumu wa kati ni 15, ndo jumla anayotakiwa kufikisha, kwahiyo dadu itoe 10 au zaidi, yani asilimia 55. Umeandaa wiki nzima alafu ukaiweka kwenye kitu ambacho karibu nusu ya mara kinagoma, ulitegemea nini?

Kabla hujamwambia mtu arushe, jiulize akikosa itatokea nini. Kama ni "atajaribu tena" basi achana na dadu, mfungulie mlango muendelee. Ila kama kuna walinzi wanazunguka hapo dadu ina kazi, na hata akikosa sio lazima mlango ugome, mwambie umefunguka lakini ufunguo malaya wake umekatikia humo na mlio umesikika mpaka juu, sasa wapo ndani na walinzi wanashuka ngazi. Ile 4 hapo inawapa sesheni tamu kuliko 19.

Na huyo mpiganaji, kwa kitabu cha sheria cha 2014 kama hana ujuzi wa vifaa vya wizi hata kugusa kufuli haruhusiwi, wala kusaidia. Yeye apige bega mlango, na hapo mwenzake anaweza kumsaidia kusukuma, ukisaidiwa unarusha dadu mbili unachukua kubwa, kwa +5 ile 55 inapanda mpaka karibu 80, kelele ndo bei yake. Wengine wangetafuta ufa nyuma ya kaburi. Mimi kitu cha lazima nakiwekea njia tatu na bado wanaleta ya nne ambayo sikuiwaza, hawa watu bwana.

Kubadilisha matokeo ya dadu kimyakimya waendeshaji wengi wanafanya na wanatetea kabisa, mimi sipendi, wachezaji wakishajua dadu haina nguvu hawaogopi tena kitu.

SWALI: Bro huku dadu za pande nyingi hazipatikani na kitabu bei mbaya. Tuache tu?

JIBU: Msiache. Sheria za msingi zipo kwenye hati inaitwa SRD 5.1, tangu Januari 2023 ipo kwa leseni ya Creative Commons, unaishusha bure na ni halali. Dadu zipo programu kibao za simu, au andika 1 mpaka 20 kwenye vikaratasi, tia kwenye kikombe, chomoa, na kila ukichomoa rudisha, la sivyo mjanja mmoja ataanza kuhesabu zilizobaki. Mwaka 1979 kampuni ya TSR iliyokuwa inatoa gemu hii yenyewe ilikosa dadu za kutosha ikawa inawawekea wanaoanza vikaratasi vya namba kwenye boksi.

SWALI: Mama anasema tunacheza ushirikina. Nimwambie nini?

JIBU: Marekani miaka ya 80 wazazi wengi walisema hivyohivyo, mpaka toleo la pili la gemu hii la 1989 likaondoa majina ya mashetani. Maneno matupu hayatamtuliza, mkaribishe akae, mpe awe mwenye nyumba ya wageni pale kijijini ndani ya gemu, ataanza kuwadai hela ya chumba kabla hamjavua viatu.